Kinga ya mwili haijazwi kama salio la simu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo kwenye gazeti lenu. Wiki jana nilikuwa kwa basi natoka Kampala narudi Arua, tumeshavuka daraja la Karuma, kijana mmoja akasimama katikati ya viti na begi lake akaanza kutangaza chupa za maji ya kijani, eti yanaongeza kinga, mafua kwisha, corona kwisha, hata Ebola haikusogelei. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa na mtoto wa kama miaka miwili, amechemka kweli, joto lake nililisikia mkononi hata kupitia leso. Akatoa elfu kumi, akanunua, akamnywesha hapohapo na kifuniko. Nikamwambia mama, huyu apimwe malaria kwanza. Akanijibu kwa upole tu, kaka, kinga yake imeshuka, hii itaipandisha.

Hilo neno kupandisha ndo limenifanya niandike, maana hata kwenye matangazo ya gazeti lenu nalikuta.

Kinga ya kwanza dhidi ya virusi iko ndani ya seli zenyewe. Humo kuna protini za ulinzi, moja inaitwa RIG-I, kazi yake kukagua RNA, yaani nyuzi zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini. RNA ya seli imevalishwa kama kofia kwenye ncha, ya virusi vingi haina, basi RIG-I ikiikamata hiyo isiyo na kofia inapeleka habari kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, na mwisho wake seli inatoa intaferoni, ile iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Intaferoni ni yowe la usiku. Majirani wakilisikia wanafunga milango na kushika panga, yaani seli za karibu zinatengeneza mamia ya protini za kukizuia kirusi kisizaane. Ile homa na viungo kuuma, sehemu kubwa ni yowe hilo, sio kirusi chenyewe.

Sasa wauzaji hawasemi kwamba seli ileile inalizima yowe hilo yenyewe. Ina protini kama A20, SOCS na USP18, hii ya mwisho inakaa palepale kwenye mlango ambapo intaferoni inapokelewa na kuubana. Sisi tunaojua yowe la mwizi tunajua pia pasipokuwa na mtu wa kusema basi jamani, asubuhi unakuta aliyepigwa ni jirani na nyumba imechomwa. Kuna watoto wanazaliwa na ugonjwa unaitwa Aicardi-Goutières, kengele yao haizimiki, ubongo unaharibika kama vile waliambukizwa tumboni kumbe kirusi hakuna kabisa. Na wagonjwa wa homa ya ini C waliokuwa wanadungwa intaferoni yenyewe kama dawa, wengi walipata homa, maumivu ya mwili, wengine sonona nzito. Sasa hiyo ndo kupandisha kwenyewe, na ilifanywa na madaktari kwa kipimo, sio kwa kifuniko kwenye basi!

Hata Ebola tunayoiogopa, na tuna haki ya kuiogopa, ujanja wake uko hapohapo kwenye swichi ya yowe hilo. Protini yake VP35 inaificha RNA ili RIG-I isiione, VP24 inazuia ujumbe wa intaferoni usifike kwenye kiini cha seli, yowe halisikiki mapema, halafu baadaye mwili unalipuka bila mpangilio. Chupa gani ya kijani itayapanga hayo?

Chanjo ni kitu kingine, inaufundisha mwili adui mmoja kwa jina, naomba msichanganye.

Mhariri, hapa West Nile kuna kirusi kilichobeba jina la mkoa wetu tangu 1937, tunastahili kuelezwa mambo haya kwa Kiswahili tunachoongea sokoni na stendi. Tupeni hata nusu ukurasa kila wiki mumwite daktari aeleze, na yale matangazo ya kuongeza kinga myaondoe. Yule mama alishukia Nebbi, mtoto mgongoni na chupa mkononi, sikuwahi hata kumuuliza kama atapita kiliniki.

Msomaji wenu, Arua