Muhula wa kwanza usiingizwe kwenye GPA

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma kila Oktoba, wanafunzi wangu wanapofunga mabegi kwenda chuo: alama za muhula wa kwanza kuingizwa kwenye GPA, yaani wastani wa alama zote za shahada.

Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja hapa Mbagala. Shahada yangu niliipata chuo kikuu kimoja cha jijini, kwa GPA ya 3.7. Nilitamani sana kubaki chuoni nifundishe, lakini nafasi ya mkufunzi msaidizi ilitaka 3.8. Siku moja nilichukua kikokotoo nikautoa muhula wa kwanza peke yake. Ikasoma 3.9.

Muhula ule naukumbuka wote. Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, lilitoka wiki ya saba. Hosteli nilikosa, nikawa nabebana na dada mmoja wa mwaka wa pili: yeye akilala, mimi nakwenda kusomea kwenye kimbweta, yale mabenchi ya zege ya nje, mpaka mbu wanifukuze. Darasa la DS, yaani Development Studies, somo la maendeleo, lilijaa mamia ya watu, ukichelewa dakika kumi unasikilizia dirishani. Na DS, kama yale masomo ya ualimu, ilifundishwa kwa Kiingereza, wakati Kiingereza changu kilikuwa cha kukariri majibu ya mtihani. Test ya kwanza nilipata 6 kati ya 20. Kufika mwisho wa muhula nina sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia masomo niliyofeli. Nilizifaulu zote, lakini chuoni kwetu sapu ukiifaulu unaandikiwa C, hata ungepata 90. Baada ya hapo sikuona sapu tena mpaka nahitimu.

Binamu yangu, tuliyemaliza naye kidato cha sita mwaka mmoja, alipata ufadhili wa kwenda Swarthmore, chuo kidogo kilichoko Pennsylvania, Marekani, ambacho wanafunzi wake hawafiki 2,000. Kule muhula wa kwanza huandikiwi A wala D. Matokeo yanaonyesha umefaulu au hukufaulu, basi. Naye aliteseka. Insha yake ya kwanza ilirudi nyekundu tupu, na Desemba alinipigia simu akilia. Ila lile anguko halikuandikwa popote, kwa hiyo alithubutu. Yeye mtu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), aliyekuwa akiyakimbia masomo ya lugha, alijiandikisha semina ya isimu, taaluma ya kuchunguza lugha, yenye watu 12, ajaribu tu. Kule fani unaichagua mwishoni mwa mwaka wa pili. Ilipofika zamu yake akachagua hiyo hiyo isimu. Likizo moja alirudi hapa na kinasa sauti, akakaa ukumbini kwa bibi yetu wiki nzima akirekodi Kizaramo chake. Bibi alifurahi, sijapata kuona.

Najua nitaambiwa chuo kile kina pesa. Ni kweli, na semina za watu 12 zinahitaji wahadhiri ambao sisi hatunao. Lakini hili ninaloliomba halina gharama: seneti ya chuo ikae, ibadilishe kanuni, muhula wa kwanza uandikwe umefaulu au hukufaulu tu. Wapo watakaosema vijana watabweteka. Watabweteka vipi, na kufaulu bado ni lazima, na anayefeli anarudia? Binamu yangu alama zake alikuwa anaambiwa na walimu wake pembeni. Alijua fika alipo.

Wenzangu waliotoka shule za ada kubwa, waliozoea kufundishwa Kiingereza tangu chekechea na kuletewa fedha na wazazi wiki ya kwanza, muhula ule haukuwatikisa. Siwaonei wivu, walisoma kwa bidii. Ila tulipimwa kabla sisi wengine hatujapata hata pa kulala.

Mwaka huu nina binti mmoja wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), divisheni wani ya pointi 5. Mama yake anauza samaki Rangi Tatu. Anakwenda chuo na hajui atalala wapi. Naziomba seneti za vyuo vyetu, na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, zilitazame jambo hili kabla hajakaa kufanya test yake ya kwanza.

Mwalimu wa Kiswahili,
Mbagala, Dar es Salaam