Yah: Kasri la upepo lililowalalia watoto Jumamosi, na mhudumu aliyeniuliza bangili

Kwa Meneja,
Kituo cha Michezo ya Watoto ya Ndani,
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasalimu kwa heshima zote, na naomba mzipokee mapema, kwa sababu sina hakika kama zitafika mwisho wa barua hii.

Jumamosi iliyopita, saa 5:32 asubuhi, umeme ulikatika. Kasri lenu la upepo, lile la bluu lenye mnara, likaanza kulala na watoto wakiwa ndani. Binti yangu wa miaka 4 alikuwa kona ya nyuma kabisa. Nilikimbilia mlangoni pa kasri ili niushike ukuta wa mbele usishuke. Mhudumu wenu wa fulana ya njano akanyoosha mkono kunikinga, akasema: "Mama, bangili iko wapi? Bila bangili huingii." Mtoto anaita mama, na huyo mama anaulizwa bangili.

Kanuni zenu mnazijua, mmezibandika wenyewe ukutani, sina haja ya kuwasomea. Nitasema moja tu: kanuni ya bangili ni ya anayekwenda kucheza. Anayekwenda kuinua turubai lililomlalia mtoto haendi kucheza.

Kasri la upepo si puto. Puto likishafungwa limefungwa. Kasri linavuja muda wote kwenye mishono, na limeshonwa hivyo makusudi, ili watoto wakiruka hewa ipate pa kupitia na lisipasuke. Kinacholisimamisha ni blowa inayosukuma hewa bila kupumzika. Blowa ikizima, hewa inarudi kupitia bomba lilelile la kitambaa iliyoingilia, mnara unainama kwanza, kisha kuta zinaangukia ndani. Walio karibu na mlango wanatoka wakicheka, wakidhani ni mchezo. Walio kona ya nyuma wanafunikwa. Turubai lile la PVC lina uzito wa makumi ya kilo na halipitishi hewa. Mtoto wa kilo 15 haliinui.

Anayeijua kazi hii anajua la kufanya. Unapuliza filimbi. Mtu mzima mmoja anasimama nje ya mlango na kuinua ukuta wa mbele kwa mabega, mwingine anazunguka nyuma kushika kona, watoto wanaambiwa wakae chini na watambae kufuata mwanga. Hakuna mtu mzima anayepanda kwenye sakafu ya kasri, maana uzito wake unaikamua hewa iliyobaki itoke upesi zaidi. Ndiyo sababu nilisimama mlangoni. Sikutaka kupanda, wala sikutaka kuruka. Magoti yangu hayaruki tena.

Bango lenu linasema watoto 8 kwa wakati mmoja, wasiozidi kimo cha mita 1.2. Nilihesabu 13, na wawili kati yao walivaa bangili nyekundu, yaani wale wakubwa wa upande wa trampolini. Mtoto wa kilo 40 akitua karibu na wa kilo 15, yule mdogo anarushwa, na hapo hatujafika hata kwenye habari ya umeme. Mhudumu wa kuhesabu alikuwepo. Alikuwa anahesabu bangili.

Jumatatu nilipiga simu ofisini kwenu. Aliyepokea, kwa sauti nzuri sana, aliniambia "pole kwa usumbufu" mara nne, kisha akanitumia namba ya tiketi moja ya bure, ya siku za kazi tu, isiyotumika sikukuu. Nina watoto wawili. Hiyo tiketi nimpe yupi? Akamalizia kwa kunikumbusha kwamba "hakuna mtoto aliyeumia." Ni kweli, namshukuru Mungu, na ninamshukuru baba mmoja mwenye kanzu ambaye nitamfikia. Ninyi sioni mahali pa kuwashukuru.

Jenereta mnayo, wala sibishi. Tatizo ni chenjiova ya mkono, ile swichi ya kuhamisha umeme kutoka gridi kwenda jenereta. Fundi wenu alipita mbele yetu akitafuta funguo kwenye mkungu wa funguo, akashuka ngazi za giza kwa tochi ya simu, na taa zikarudi saa 5:47. Dakika 15. Chenjiova inayojiendesha inaiwasha jenereta na kuhamisha umeme yenyewe ndani ya nusu dakika. Na kwa kuwa hata nusu dakika inatosha kulegeza kasri, blowa inawekewa betri yake. Blowa ya nguvu farasi 1.5 inakula kama wati 1,100 ikishashika mwendo, ila inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo. Inveta ya kilowati 1 itazima papo hapo, tafuteni ya kilowati 3 au zaidi, na betri mbili za ampea-saa 100. Hizo zinatosha kabisa kuwatoa watoto wote kwa utulivu, hata kama fundi amesahau funguo nyumbani. Sisemi mambo ya Ulaya. Maduka ya Kariakoo yamejaa vitu hivi.

Na msiniambie kukatika kwa umeme ni jambo la ghafla. Ilikuwa masika, imenyesha tangu alfajiri, Jangwani maji yameshafunga barabara. Siku kama hiyo ndiyo biashara yenu. Ufukweni hakuendeki, Kijiji cha Makumbusho ni nyumba zilizo nje kwenye matope, na mtoto wa miaka 4 hawezi kutazama fuvu la Zinjanthropus saa nzima pale Makumbusho ya Taifa hata umbembeleze vipi. Wazazi tunakuja kwenu kwa sababu hatuna pengine. Nyie mnalijua hilo vizuri mno, maana tangazo lenu linasema 10,000 na kaunta inasema 15,000, na nilipouliza nikajibiwa kwamba ile ni bei ya siku isiyo na mvua.

Kiingilio cha wawili 30,000. Soksi za vidoto vya mpira 10,000, ambazo vidoto vyake vilibanduka kabla hatujafika kwenye mtelezo, na soksi isiyo na vidoto juu ya mikeka ya povu yenye unyevu ni sawa na sabuni. Unyevu ulitoka kwenye ndoo mliyoweka chini ya dari inayovuja, hatua tatu kutoka kwenye mtelezo. Kisha 3,000 ya mzazi kukaa kwenye kiti. Jumla 43,000. Nikapewa stakabadhi ya kuandikwa kwa kalamu, kwa maelezo kwamba mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, "haina moto." Nililipa saa 5:10, umeme ukiwepo, na mashine ya EFD ina betri yake ndani. Yaani kituo kizima mashine pekee iliyotengenezwa ili isisumbuliwe na kukatika kwa umeme, ndiyo mliyoizima mapema.

Ile 3,000 ndiyo inayonirudisha mlangoni pa kasri. Naomba mlisome jambo hili tena, kwa sababu kwenye simu niliona limesikika kama jambo dogo.

Taa zimezimika. Kelele za blowa zimekatika, na hapo ndipo unapojua, kwa sababu ukumbi unanyamaza ghafla halafu unasikia watoto. Mnara umeinama. Nimefika mlangoni, mkono wa kijana wenu uko mbele yangu, "bangili iko wapi?" Nikamwambia: mwanangu, yuko ndani yule, niachie niinue. Akasema utaratibu. Nikamwonesha muhuri wa wino mkononi, ule wa 3,000. Sasa sikilizeni. Alitoa simu yake, akawasha tochi, akaumulika ule muhuri. Akausoma. Akasema, "Huu ni wa kukaa, si wa kuingia."

Tochi anayo. Nyuma yake kuna giza na turubai linalowashukia watoto 13, na mwanga wote ameuelekeza kwenye mkono wangu.

Aliyepita pembeni ni yule baba wa kanzu. Hakuuliza mtu. Aliinama, akaweka mgongo chini ya ukuta wa mbele, akasimama nao, akaita: "Haya tambaeni, njooni kwa babu." Wakatoka mmoja mmoja. Binti yangu alikuwa wa 11. Soksi moja ilibaki ndani.

Yule kijana simtaki afukuzwe. Ameajiriwa akaambiwa bangili ni kila kitu, na hakuna aliyemwonesha siku hata moja jinsi ya kuwatoa watoto kasri likizima. Ingekuwa ameoneshwa, mikono yake ingekwenda kwenye turubai yenyewe. Zoezi hilo ni la dakika 10 asubuhi kabla ya kufungua: mnazima blowa kwa makusudi, kasri likiwa tupu, kila mhudumu anashika kona yake, mnapima kwa saa linachukua muda gani mpaka ukuta uguse sakafu. Muda huo ndio mlio nao. Nina shaka kama kuna mtu kwenu anaujua.

Halafu saa 6:10 kamili, saa moja tangu nilipe, akaja mwingine na mkasi kukata bangili za wanangu. Dakika 15 za giza zilihesabiwa kuwa ni mchezo.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie 43,000 kwa namba ileile iliyolipa, ndani ya siku 14. Mniandikie barua ya kuomba radhi yenye sahihi ya meneja, si ujumbe wa simu wenye alama ya uso unaolia. Na kasri lisiwashwe tena mpaka blowa iwe na betri.

Kwa kuwa nimeshakaa kuandika, niseme na bwawa la mipira, maana mwanangu mkubwa alitoka humo na mikono inanata. Bwawa la mita 2 kwa 3, mipira ikijaa sentimita 40, linabeba kama mipira 8,000 ya sentimita 7. Kuipuliza dawa juu juu kwa chupa ni kuosha nywele na kuacha mwili. Mnaitoa yote, mnaijaza kwenye magunia ya wavu ya vitunguu, kama mipira 400 kila gunia, kwa hiyo andaeni magunia 20. Kila gunia linazamishwa kwenye maji ya sabuni na kusuguliwa, linasuuzwa, kisha linaloweshwa dakika 10 kwenye dawa ya klorini: ile ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 34 za maji. Sabuni lazima itangulie, kwa sababu uchafu unaila klorini kabla haijaua kitu. Suuzeni tena, ning'inizeni gunia mbele ya feni. Msianike juani, plastiki inakauka na kupasuka, na mpira uliopasuka una makali. Sakafu ya bwawa nayo ioshwe, ndiko ziliko biskuti. Watu wawili wanaimaliza kazi hiyo usiku mmoja. Mkisema mnaifanya kila wiki, nioneshwe daftari.

Nimesoma tena nilichoandika, na naona nimekuwa mpole kupita kiasi. Siku 14 ni nyingi. Mlinipa tiketi ya bure ndani ya dakika mbili, basi na hela zinaweza kurudi ndani ya siku 7. Na si zangu tu. Watoto walikuwa 13, namba za bangili mnazo, namba za simu za wazazi mlizichukua kaunta mkisema ni za dharura. Dharura ndiyo hiyo ilikwishatokea. Wapigieni, wote warudishiwe.

Siku ya nane, barua hii inakwenda Tume ya Ushindani, kwa tangazo la 10,000 linalogeuka 15,000. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina maneno yake juu ya kumpotosha mlaji. Inakwenda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, waje waone mlango wa dharura ulio nyuma ya mashine ya bisi, na taa za dharura ambazo siku hiyo sikuziona zikiwaka hata moja. Inakwenda OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Na inakwenda TRA, mamlaka ya mapato, pamoja na ile stakabadhi ya kalamu, ambayo nimeitoa nakala tatu. Nikichelewa kujibiwa sitapiga simu tena kuambiwa pole.

Namba ya tiketi ya bure sijaitumia. Ifuteni.

Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi, na bangili mbili zilizokatwa, namba 0417 na 0418. Muhuri wa kukaa sikuweza kuuambatanisha. Ulitoka Jumapili jioni, kwa ndimu na chumvi. Ile soksi moja mtaikuta kona ya nyuma, kushoto, mkiliinua turubai.

Mzazi wa 0417 na 0418