Mwanangu, usiyaache maziwa

Tanga

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Baba yako yuko Muheza shambani, atarudi kesho.

Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi. Umepimwa asubuhi kabla ya kula ukakutwa na sukari ya damu 6.4, na daktari amekwambia bado si kisukari ila umekikaribia. Hayo mfuate daktari wako, na tarehe aliyokupa ya kurudi usiikose. Lililonifanya nikae niandike ni lile la pili: kwamba umeacha maziwa, hata mtindi, kwa sababu mwenzako wa kazini kakwambia yanapandisha insulini kama mkate mweupe. Halafu kwenye ujumbe huohuo unaniambia umenunua kopo la unga wa protini wa watu wa mazoezi. Ligeuze kopo hilo usome nyuma, mwanangu. Unga huo umetoka kwenye maziwa hayohayo uliyoyakimbia.

Mimi nimesindika maziwa tangu hujazaliwa, na tangu bibi yako apatwe na kisukari nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu jambo hili. Kwa hiyo nisikilize.

Mwenzako hakusema uongo. Watafiti wa Lund, Sweden, walionyesha mwaka 2001 kwamba maziwa yanapandisha sukari ya damu kidogo tu, lakini insulini inapanda kwa kiasi kinachokaribia kile cha mkate mweupe. Anayeishia hapo ana haki ya kuogopa. Ila jiulize insulini kazi yake nini. Kongosho huitoa ili sukari iondoke kwenye damu iingie kwenye misuli na ini. Kwa mtu aliyefikia hapo ulipo wewe, misuli huwa haiitikii insulini vizuri, na mara nyingi ile insulini inayotakiwa kutoka mwanzoni mwa mlo inachelewa. Wali unashuka, sukari inapanda, kongosho linashtuka baadaye. Kitu kinacholiamsha kongosho mapema, chenyewe kikiwa na sukari kidogo, kinaweza kukusaidia. Mkate mweupe unaleta insulini kwa kuleta sukari nyingi kwanza. Maziwa sivyo, na tofauti hiyo ndiyo mwenzako aliyoiacha nje.

Kinachofanya kazi hiyo ni protini. Kiwandani tunapotengeneza jibini tunatia kimeng'enya, maziwa yanaganda, tunakata bonge, na yanabaki maji ya rangi ya njano iliyochanganyika na kijani. Kwenye lita 10 za maziwa unapata kama kilo 1 ya jibini, yaliyobaki karibu yote ni hayo maji. Miaka mingi watu waliyamwaga, au wakawanywesha ndama. Bonge lile protini yake ni kaseini, ambayo ni kama asilimia 80 ya protini yote ya maziwa ya ng'ombe. Ile asilimia 20 inakwenda na maji, na ndiyo inayokaushwa ikawa unga wa kopo lako.

Hizi mbili haziendi pamoja tumboni. Kaseini ikikutana na asidi ya tumbo inaganda, inasagwa polepole. Ile ya maji haigandi, inapita haraka. Mwaka 1997 watafiti wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, waliwapima vijana wenye afya wakaona hivyo hasa: protini ya maji ilijaza asidi amino, vile vipande vinavyoijenga protini, kwenye damu upesi kisha zikashuka, kaseini ikazitoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Protini ya maji ina lusini kwa wingi, mojawapo ya hizo asidi amino, na lusini inalichochea kongosho moja kwa moja. Juu ya hapo, protini ikifika kwenye utumbo mwembamba, utumbo unatoa homoni, mojawapo inaitwa GLP-1, inayoliongezea kongosho nguvu na kulifanya tumbo lisimwage chakula haraka. Ndiyo homoni hiyo inayoigizwa na sindano za kupunguza uzito zinazosifiwa siku hizi.

Je, imejaribiwa kwa wagonjwa? Imejaribiwa. Mwaka 2014 watafiti wa Israeli walichapisha kazi yao kwa watu 15 wenye kisukari aina ya pili: kunywa gramu 50 za protini hiyo kabla ya kifungua kinywa kilichojaa wanga kulishusha sukari ya baada ya kula kwa asilimia 28. Mwaka 2022 wale wa Newcastle, Uingereza, walitumia gramu 15 tu, dakika 10 kabla ya mlo, kwa watu 18 kwa wiki moja, na sukari yao ikakaa kwenye kiwango cha kawaida kwa takriban saa 2 zaidi kila siku. Ni watu wachache na muda mfupi, mwanangu. Mimi ninaona ni habari njema, lakini siwezi kukuambia ni tiba.

Hapa piga hesabu, maana ndipo wengi wanapodanganywa. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina protini kama gramu 8. Humo, ile ya maji haifiki gramu 2. Kuzipata zile gramu 15 za Newcastle ungekunywa zaidi ya lita 2, na laktosi yake yote, yaani sukari ya maziwa, ungeibeba. Kwa hiyo usitegemee glasi moja ifanye kazi ya dozi ya watafiti. Glasi hiyo itakushibisha, itaipa misuli yako chakula, na ikishika nafasi ya soda au ya andazi la pili, umefaidika kweli. Misuli ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, ndiyo maana mazoezi yako yananifurahisha kuliko kopo lako.

Na kopo lenyewe? Lisikutawale. Mwaka 2016 watafiti wa St. Louis, Marekani, waliwapunguza uzito wanawake wanene waliokwisha koma hedhi. Waliokula protini ya kawaida, miili yao ikaanza kuitikia insulini vizuri zaidi. Waliozidishiwa protini, kwa unga kama huo wako, walipungua uzito uleule, lakini faida hiyo wakaikosa. Wewe si mwanamke wa umri huo, ila kijiko kwa kijiko kuanzia asubuhi hadi usiku sikuungi mkono. Na umuulize daktari kuhusu figo zako kabla ya kuongeza chochote.

Ningekuwa jikoni kwako ningeanza na chai. Vikombe vyako vitatu vya chai ya maziwa, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari: hiyo ndiyo inayokuumiza, na maziwa yanasingiziwa. Mtindi nao kunywa usiotiwa sukari, maana hizi chupa za ladha ya stroberi na vanila ni tamu kupita kiasi. Mtindi wa kawaida bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na kaseini imeganda tayari. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mwaka 2024 watengenezaji waandike kwamba kula mtindi angalau vikombe 2 kwa wiki huenda kukapunguza hatari ya kisukari aina ya pili, ila ikawalazimisha waseme pia kwamba ushahidi ni mdogo. Nimeipenda tahadhari hiyo.

Ukiwa na wali wa nazi au ugali, anza na mtindi, maharage au samaki na mboga, wanga uje mwisho, na uwe mdogo kuliko uliozoea. Najua wali wa mkeo Zuhura ulivyo mtamu, na mimi ningeongeza.

Zuhura aliniuliza kama kuchemsha kunaua protini. Mwambie hapana. Ile ya maji inabadilika umbo ikipita nyuzi 70, lakini asidi amino zinabaki na mwili unazitumia. Maziwa ya kupimiwa mtaani lazima yachemke, kwa sababu ya brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, na kifua kikuu. Na mtoto asipewe maziwa ya ng'ombe kunywa hadi atimize mwaka, anyonye.

Nunua kipimo cha sukari, hata kile cha bei ndogo. Jipime saa mbili baada ya chakula cha mchana, siku uliyoanza na mtindi na siku ambayo hukuanza nao, mlo uwe uleule. Kila mwili una majibu yake, na namba zako zitatufaa kuliko maneno ya ofisini. Ukizipata nitumie mimi kwanza, kisha mpelekee daktari.

Nibusie mjukuu wangu.

Mama yako