Barua kwa Saidi kuhusu maji ya kuoshea taa za gari

Shangani, Mtwara

Mpendwa rafiki yangu Saidi,

Pokea salamu zangu, na unifikishie kwa shemeji na watoto huko Lindi. Sisi huku tu wazima. Barua yako nimeisoma, kwamba maji ya kuoshea taa za mbele za gari lako hayatoki tena, nami nakusihi usimruhusu yule fundi akate na kuziba mipira ya maji ya kuoshea taa kama alivyokushauri. Wengi husema kifaa hicho ni cha nchi za baridi, na ni kweli kwamba Saab ya Uswidi ilifunga waipa kwenye taa za mbele tangu mwaka 1970 kwa ajili ya theluji na matope. Lakini wewe unayekwenda Newala msimu wa korosho unajua vumbi la huko linavyoganda kwenye taa. Tena taa zako ni za zenoni, yaani za gesi yenye mwanga mkali sana, na taa kali ikichafuka hutawanya mwanga ovyo na kumpofusha mwenye bodaboda anayekuja mbele yako. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya hutaka taa ambayo chanzo chake cha mwanga kinazidi lumeni 2,000 iwe na kifaa cha kuisafisha.

Kabla ya kununua pampu inayosukuma maji hayo, tega sikio usikie kama inanguruma. Jaza tangi, washa taa kubwa, kisha bonyeza maji ya kioo huku mtu mwingine amesimama karibu na tairi la mbele. Taa zisipowaka, magari mengi hayaruhusu mfumo huu ufanye kazi. Mengine yana swichi yake ya pekee kwenye dashibodi, na mengine hayarushi maji kwenye taa kila unapobonyeza, hivyo rudia kwa muda kabla ya kukata shauri kwamba ni bovu.

Pampu isiponguruma, tafuta upande wa umeme. Kagua fyuzi, badilishana rilei (swichi ndogo ya umeme inayowasha pampu) na nyingine inayofanana nayo kabisa, kisha mwambie fundi afungue plastiki ya ndani ya madigadi aifikie pampu, ambayo mara nyingi imechomekwa chini ya tangi. Kwa gari linalolala karibu na bahari kama lako, ningeanza na plagi ya pampu, kwa kuwa hewa ya chumvi hula shaba hadi ikaota ukungu wa kijani. Pampu ikipewa umeme wa volti 12 moja kwa moja na bado ikae kimya, hapo ndipo utakapokuwa na haki ya kununua nyingine.

Ikinguruma bila maji kutoka, shida iko kwenye njia ya maji, na hapa ndipo mafundi wengi hukosa subira. Chungulia chini ya bampa: ukiona maji yanadondoka, mpira umechomoka au umepasuka, jambo linalotokea sana kwa gari ambalo bampa lake liliwahi kufunguliwa na kurudishwa bila kuunganisha kila kitu. Upande mmoja ukirusha na mwingine ukilegea, fuata mpira kuanzia pale unapogawanyika. Nozeli zinazochomoza, yaani vichwa vinavyorusha maji kwenye taa, husukumwa na nguvu ya maji yenyewe, kisha springi huzirudisha ndani. Vumbi likiingia kwenye silinda yake, hukwama. Ivute taratibu kwa mkono, isafishe kwa maji ya uvuguvugu, na uilainishe kwa dawa ya silikoni, wala usitumie oili ya injini, kwa sababu mafuta hayo huharibu mipira. Tundu lililoziba lizibue kwa sindano nyembamba pasipo kulipanua.

Maji nayo yana neno. Ya kisima chenye chumvi huacha ukoko mweupe ndani ya nozeli, kwa hiyo kinga ya mvua uyachuje kwa kitambaa safi, na usitie sabuni ya unga. Usibonyeze tangi likiwa tupu, maana pampu huharibika ikizunguka bila maji. Kama taa zimekuwa za njano, hilo ni jua lililounguza plastiki. Maji hayataliondoa, zinahitaji kupigwa polishi.

Nijulishe kama pampu inanguruma au imenyamaza. Ikiwa imekufa, nipigie picha namba iliyoandikwa ubavuni mwake, nami nitaipeleka kwa wauza spea wa hapa mjini kabla hujasafiri.

Wako daima,
Hamisi