Waombaji wa digrii wenye umri mkubwa waelezwe sababu wanapokosa

Ndugu Mhariri,

Dirisha la awamu ya kwanza ya udahili likishafungwa, habari zote huwa za vijana waliomaliza kidato cha sita mwezi Mei. Lipo kundi jingine linalosubiri majibu hayo hayo: walimu wa shule za msingi, matabibu, mafundi sanifu, wahasibu wasaidizi, akina mama waliosomesha watoto kwanza. Wana miaka 35, 40, wengine 50, na wameomba digrii ya kwanza kwenye vyuo vinavyogombewa kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wao wana sifa. Bado wanakosa, na mara nyingi hawajui wamekosa kwa nini.

Tunaomba nafasi tueleze kinachotokea, ili waliopo kwenye foleni sasa wajipange, na wenye mamlaka waone pa kurekebisha.

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya kuomba. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa vitabu viwili vya mwongozo: kimoja cha wenye sifa za kidato cha sita, kingine cha wenye diploma na sifa linganishi. Mtu wa diploma akishika kile cha kwanza anasoma masharti yasiyomhusu. Na ndani ya kitabu sahihi kila aina ya cheti ina kipimo chake. Diploma ya ngazi ya 6 inatakiwa kuwa na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0. Fundi mwenye cheti cha zamani cha ufundi sanifu, FTC, anatakiwa kuwa na wastani wa C, diploma ya ualimu wastani wa B, diploma za afya kama utabibu wastani wa B+. Wote hao wawe na pasi zisizopungua nne za kidato cha nne, kuanzia D. Mwalimu mwenye cheti cha daraja la IIIA pekee hajafikia ngazi hiyo hata kama amefundisha miaka 20. Inabidi asome diploma kwanza.

Waliomaliza kidato cha sita zamani wana mtego wao. Sharti ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yaliyofaulu kwa kiwango kamili, zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo yanayohusu programu. Kwa aliyemaliza kabla ya 2014, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, hivyo D mbili zinafika. Waliomaliza 2014 na 2015, miaka ile ya matokeo ya GPA, wanahesabiwa A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Kwao D mbili ni pointi 2 tu; wanahitaji C mbili. Kuanzia 2016 hesabu ya awali ilirudi. Watu hulinganisha vyeti na wadogo zao, wakajikatia tamaa au wakajipa matumaini yasiyokuwepo.

Halafu hizo zote ni sifa za chini. Kufikia sifa ya chini kunakupa haki ya kuingia kwenye mashindano, na programu yenye nafasi chache huchukua kuanzia juu. Mwenye GPA ya 3.1 anayeomba programu tano zote za chuo kimoja kinachogombewa amejifungia mlango mwenyewe.

Sasa tuje kwenye karatasi zenyewe. Mwenye diploma hawezi kuomba digrii bila namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, ambalo zamani lilikuwa NACTE. Namba hiyo hutoka pale chuo alichosoma kinapokuwa kimewasilisha matokeo yake. Kwa aliyehitimu zamani, matokeo mara nyingi hayamo kwenye mfumo, na inabidi mtu arudi chuoni kwa miguu yake, akamtafute mtunza kumbukumbu, afukue faili. Kazi hiyo haimalizwi ndani ya wiki ya mwisho ya dirisha. Ianze Machi au Aprili.

Majina nayo yanaumiza, hasa wanawake. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba, diploma ina jina la mume, kitambulisho cha NIDA kina majina matatu kwa mpangilio mwingine. Omba kwa jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, kwa sababu mfumo unavuta matokeo yako Baraza la Mitihani kwa namba ya mtihani na mwaka. Tofauti ya herufi moja huwa inamalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Aliyerudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ana namba zaidi ya moja. Aziingize zote, maana pasi ya nne inaweza kuwa kwenye ile aliyoiacha. Aliyepoteza cheti aanze polisi kuchukua taarifa ya upotevu, atoe tangazo gazetini, ndipo aende Baraza. Kwa vyeti vya zamani visivyo na picha, Baraza hutuma uthibitisho wa matokeo moja kwa moja kwenye taasisi inayouhitaji.

Mahali wanapopotea wengi zaidi, tena wakiwa wameshachaguliwa, ni steshenari. Mtu mzima anafika na bahasha ya vyeti, kijana wa dukani anamfungulia akaunti. Panapotakiwa barua pepe anaweka ya duka. Panapotakiwa simu anaweka yake, ili namba ya kuhakiki iingie haraka na foleni isogee. Nywila inaandikwa kwa peni nyuma ya risiti. Tangu 2017 maombi hupelekwa kwa kila chuo peke yake, badala ya ule mfumo mmoja wa TCU ulioanza 2010, kwa hiyo aliyeomba vyuo vitatu ana akaunti tatu na risiti tatu. Wiki chache baadaye majina yanatoka. Amechaguliwa vyuo viwili, na aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya siku zilizotangazwa, kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwa simu au barua pepe iliyotumika kuomba. Ujumbe umeingia kwenye simu ya kijana wa steshenari. Siku zinapita, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Dawa yake ni nyepesi. Nunua laini kwa kitambulisho chako, isizimwe hadi Novemba. Fungua barua pepe yako, nywila za vyuo vyote ziandike kwenye daftari moja linalobaki nyumbani. Ujumbe usipofika, ingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka uombe utumiwe tena. Angalia akaunti yenyewe kila siku mbili badala ya kungoja simu ilie. Na anayekupigia akisema anaweza kulisukuma jina lako kwa malipo ni kishoka. Usimpe hata namba yako ya mtihani.

Wapo pia wanaotegemea njia ya kutambuliwa kwa ujuzi, RPL. Hapa kuna mkanganyiko unaotusikitisha. RPL ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, humpa fundi aliyejifunzia mtaani cheti cha fani yake. Haimwingizi chuo kikuu. Ile ya TCU ndiyo yenye mlango wa digrii: mwombaji huandaa jalada la ushahidi wa kazi, kisha hufanya mtihani. Majalada mengi huwa dhaifu kwa sababu mtu amerundika vyeti vya semina bila kueleza alijifunza nini na alikitumiaje kazini. Ripoti moja uliyoiandika mwenyewe, pamoja na barua ya msimamizi inayotaja kazi hasa uliyoifanya, ina uzito kuliko vyeti kumi vya kuhudhuria.

Mtumishi wa umma ana foleni nyingine sambamba. Bila barua ya ruhusa ya masomo, kutoka kituoni ni utoro, na utoro wa siku chache tu unaweza kumwondoa kazini. Ruhusa inafuata mpango wa mafunzo wa mwajiri, na mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Anayekwenda kwa afisa utumishi Oktoba akiwa na barua ya chuo mkononi anakuta mpango umeshapita bila jina lake. Aombe kuingizwa kwenye mpango mapema, kabla hata hajajua kama atapata chuo.

Na fedha. Miongozo ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikitaka mwombaji asizidi miaka 35, awe amehitimu kidato cha sita au diploma ndani ya miaka mitano, na asiwe na kipato cha ajira rasmi. Mwalimu wa miaka 41 aliyehitimu diploma zamani, mwenye mshahara na watoto watatu shuleni, anakatwa na masharti yote matatu. Ada ya digrii nyingi kwenye vyuo vya umma ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka, kabla ya chumba, chakula na mafunzo kwa vitendo. Mwenye kadi hai ya bima kupitia ajira aipeleke chuoni, asilipe tena shilingi 50,400 za bima ya wanafunzi.

Atakayekosa, Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi, yaani ya kumwandaa mtu kuomba digrii. Akipata GPA ya 3.0 kwenye masomo sita ya lazima, na C katika masomo yasiyopungua matatu ya fani yake, anaweza kuomba tena mwakani. Lakini awe alianza na pointi 1.5 za masomo mawili ya kidato cha sita, au diploma yenye GPA ya 2.0.

Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, akiwa na mapendekezo ya mahali pa kazi. Kwa miaka kadhaa aliyetoka kazini ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa kawaida. Hatuombi turudi huko. Tunaomba mambo mawili.

Vyuo vinapomnyima mtu nafasi viandike kwenye akaunti yake sababu mojawapo kati ya hizi: sifa hazikutosha, nafasi zimejaa, au nyaraka hazikuhakikiwa. Mwenye tatizo la nyaraka ana awamu ya pili na ya tatu mbele yake. Akijua Agosti ataliondoa. Asipojua anaomba vilevile na kukosa vilevile, mwaka baada ya mwaka. Wizara nayo iyaangalie upya masharti ya miaka 35 na ya miaka mitano kwa walimu na watumishi wa afya, hata kwa kuanza na mkopo wa ada peke yake, ukatwe kwenye mshahara ambao tayari unapita Hazina kila mwezi.

Wasimamizi wa madarasa ya jioni ya watu wazima,
Morogoro