Kesho kufyatua matofali ya nyumba zetu, tusikosekane jamani

Shkamooni wakubwa, vijana mambo. Kesho jumamosi saa moja asubuhi tunaendelea kufyatua, mashine ya tofali imerudi kutoka kwa fundi na mkono wake sasa unashuka vizuri. Jana nimepita saiti nikakuta tofali za jumatano hazijamwagiliwa na nailoni imepeperuka, kona zinamomonyoka ukigusa tu na kidole, roho imeniuma kweli maana lile ni jasho la kina mama wetu, naomba zamu ya maji iheshimiwe siku 7 zote.

Waliouliza inbox kama huu ujenzi wetu utafika mwisho, wakumbukeni wenzetu wa Kurasini, Dar es Salaam, walibomolewa kupisha upanuzi wa bandari na wapangaji hawakupata fidia, basi wakaweka akiba kidogokidogo, wakanunua ekari 30 kule Chamazi kwa milioni 24, wakafyatua tofali zao wenyewe za kufungamana, zile zinazoingiana moja kwa nyingine, wakajenga. Mimi nimelala kwenye turubai masika nzima na wanangu, nataka mlango wenye kitasa, na najua sio mimi peke yangu.

Asiyeweza kubeba udongo aje apike uji au akae na watoto, naye anahesabiwa siku yake. Njooni na ndoo, zilizopo ni mbili tu.