Barua kwa Mama Neema

Dodoma, Jumapili jioni

Mama Neema mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimefurahi mno kusikia usharika umekuchagua kuwa mzee wa kanisa. Lakini nilipofika pale unaposema jambo la kwanza litakaloletwa barazani ni la yule binti wa kwaya mwenye mimba, nilishindwa kuendelea kusoma. Nimekaa na barua yako siku nne ndipo nimepata nguvu ya kukujibu.

Sababu unaijua. Ulikuwa benchi la tatu siku ile nilipoitwa mbele, nina miaka 19. Nilitengwa, nikazuiwa Meza ya Bwana mpaka nijifungue, kisha nitubu hadharani ndipo nirudishwe kundini. Mwenzangu aliyenipa mimba alikuwa palepale, kwenye kinanda. Hata wimbo ulioimbwa nilipokuwa narudi kukaa aliupiga yeye. Hakuna aliyemuuliza neno, nami sikuweza kumtaja mbele ya watu wale wote. Mama alinifunika kwa kanga yake tukatokea mlango wa ubavuni.

Sikuandikii ili ukawaambie wazee kwamba zinaa si dhambi. Ni dhambi, na toba yangu ilikuwa ya kweli. Nililia usiku mwingi kabla hawajaniita. Ninakuomba kitu kimoja tu: kabla binti huyo hajasimamishwa, uliza mwanamume yuko wapi. Uliza kwa sauti, na swali lako liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Watakujibu kwamba mimba ndiyo ushahidi, na mwanamume habebi mimba. Wafungulie Mwanzo 38. Tamari alikuwa mjane, amezungushwa kwa ahadi ya kuolewa na Shela. Ilipopita kama miezi mitatu, Yuda akaambiwa mkwewe ana mimba ya uasherati, naye papo hapo akaamuru atolewe akateketezwe. Hakuuliza ya nani. Mama Neema, soma taratibu hapo: hukumu ilitoka kwa mwanamume yuleyule aliyempa mimba! Kama Tamari asingeiweka ile pete ya muhuri, kamba yake na fimbo, vitu ambavyo Yuda alimwachia rehani, angekufa, na Yuda angerudi kwa kondoo wake akiwa mtu wa heshima. Alipoonyeshwa vitu vyake alikiri mbele ya watu kwamba mwanamke yule ana haki kuliko yeye. Tena imeandikwa hakumjua tena baada ya hapo, maana yake aliacha. Kwangu hiyo ndiyo toba ya uasherati iliyo kamili, na aliyeitoa ni mwanamume. Na Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana Yesu hakumficha Tamari. Yumo sura ya 1, mstari wa 3.

Sasa binti wa leo ataonyesha fimbo gani? Ana meseji za simu tu, na huenda alishaambiwa azifute.

Jambo jingine linaniuma tangu darasa la kipaimara. Wasichana tulifundishwa kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, tukapimwa urefu wa sketi kwa mstari huo, wavulana wakiwa nje wanacheza mpira. Nilipokuja kuisoma 1 Wakorintho 6 yote kwa utulivu, nilishangaa. Paulo anawaandikia watu wa Korintho, mji wa bandari, na anaowakemea hapo ni wanaume waliokuwa wakienda kwa makahaba. "Basi nivitwae viungo vya Kristo na kuvifanya viungo vya kahaba? Hasha!" Mstari wa hekalu unafuata mara baada ya hayo. Waliandikiwa wao kwanza, sisi tukabebeshwa peke yetu.

Wale waliomleta mwanamke kwa Bwana Yesu, Yohana 8, walisema amefumaniwa akizini. Mtu hafumaniwi peke yake. Na Torati waliyoishika mkononi, Walawi 20:10, inawataja wote wawili.

Kama mwanamume atajulikana, asiaibishwe naye ili tulipizane. Aitwe, aulizwe, atubu, alee mtoto wake. Na kama ni mtu mzima mwenye cheo kuliko yule binti, au kama binti hakuridhia, basi hapo hakuna la kumtenga binti hata kidogo. Aulizwe hilo faraghani, na mwanamke, kabla ya kikao chochote. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Wewe ndiye uliyeniletea uji na nepi za kitambaa wiki ile niliyojifungua, ukiwa umewaficha wazazi wako. Kwa hiyo sina wasiwasi na moyo wako. Ninaogopa tu ugeni wako barazani, usije ukanyamaza kwa sababu ni kikao chako cha kwanza.

Kijana wangu anakusalimu, shikamoo yake uipokee. Mbusu Neema. Kikao kikiisha nipigie, hata kama ni usiku.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Baraka